Gia ya Tatu ya Mzee Gervas

Vijana mnaopita hapa kwangu Ng'ambo kunisalimia, shikamoo zenu nazipokea zote kwa moyo mmoja. Ila nimeshawajua. Nikimaliza tu kusema marahaba, linafuata swali, na swali lenyewe ni lile lile: "Mzee Masanja, tumesuka gia boksi ya otomatiki, tumeweka klachi mpya, sili mpya, kila kitu kipya, na bado inateleza. Tuanzie wapi?" Nikiwajibu kwa ufupi mnaondoka mmeridhika, halafu baada ya siku chache mnarudi na uso ule ule. Leo nitawajibu kwa urefu. Sasa nimestaafu, sina gari linalonisubiri juu ya jeki.

Anzeni na oili. Gari liwe mahali tambarare, injini inaunguruma, oili imeshapata moto, ndipo mchomoe kijiti cha kupimia. Nimeona watu wanapima asubuhi gari limezimwa, wanaona kijiti kinadanganya, wanaongeza oili mpaka ndani inafanya povu, halafu wanamwambia mwenye gari kwamba gia boksi imekufa. Idondoshe kwenye karatasi nyeupe, itazame, inuse. Oili nzima ni nyekundu kama juisi ya choya. Iliyoungua ni nyeusi na inanuka kama chapati iliyosahauliwa juu ya jiko. Niliwahi kuletewa gari na mwalimu mmoja kutoka Urambo aliyeishiwa oili njiani, akajazia mafuta ya alizeti. Gereji nzima ilinuka kama hoteli. Mafundi walianza kuulizana nani amepika.

Baada ya oili, fuateni vitu vya nje: kebo inayotoka kwenye pedali ya mafuta kwenda gia boksi, na kile kibomba kidogo cha mpira kinacholeta mvuto wa hewa kutoka kwenye injini. Kikipasuka hata ufa wa unywele, gia boksi haijui mguu wa dereva unataka nini. Kisha fungeni geji ya presha. Kisha shusheni sampo, lile bakuli la oili la chini, tazameni filta imekaa vipi. Kufungua gia boksi yenyewe kuwe kwa mwisho. Ndivyo nilivyofundishwa, na ndivyo nilivyowafundisha wengine.

Lakini kuna kitu cha kuangalia ambacho sikufundishwa na mtu, na hicho ndicho kilichonikalisha hapa leo.

Aliyenifundisha gia boksi za otomatiki alikuwa Fundi Nasoro. Gereji ilikuwa yake, nyuma ya maduka ya Ng'ambo, na hata nilipokuwa fundi kamili mwenye wajukuu niliendelea kufanya kazi chini yake, kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine Tabora nzima wa kukaa naye chini. Magari yalimfikia kutoka Nzega, kutoka Mpanda, mengine yamevutwa kwa kamba. Alikuwa mfupi, kanzu yake ya Ijumaa ilikuwa nyeupe pe, na kabla ya kufunga ngoma ya klachi, kile kikombe cha chuma kinachobeba klachi na pistoni yake, alikuwa na desturi moja. Sili ya pistoni ni mpira wenye mdomo mwembamba, na mdomo huo ukikunjika wakati wa kuingiza, kazi yote imeharibika bila wewe kuona. Mafundi wengine hutumia waya mwembamba kuuelekeza. Nasoro alitumia waya, halafu akapitisha ncha ya kidole cha shahada kuzunguka mdomo wote, polepole, macho ameyafumba. Akimaliza anasema, "Bismillahi, funga." Sikuwahi kuona sili yake ikivuja.

Basi, miaka michache iliyopita, Mzee Gervas alileta gari lake.

Wengine mlimjua. Alikuwa dereva wa treni, alistaafu, akakaa Mtendeni na binti yake Skola. Goti lake la kushoto lilikuwa halikunjiki tangu ajali ya kazini. Gari lenyewe lilikuwa saluni ya Kijerumani ya zamani, rangi ya maziwa, viti vya ngozi, aliyouziwa na padri mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Lilikuwa limekaa chini ya turubai muda mrefu, gia boksi imekwisha kabisa.

Nilimshauri vizuri tu. "Mzee, spea za gia boksi hii ni za kuagiza nje. Tukuwekee ya kawaida, ya klachi ya mguu, utatumia raha."

Akapandisha suruali akanionyesha goti. "Klachi nitakanyaga na nini, na rozari?"

Tukacheka. Kisha akaacha kucheka, akatuita mimi na Nasoro tukae naye kwenye benchi.

"Macho yangu yana presha," alisema. "Daktari amenipa dawa ya matone, lakini ameniambia ukweli. Yanajifunga kutoka pembeni. Leo nawaona ninyi wawili, lakini ukuta ule simwoni aliyeuegemea. Nataka kuendesha gari hili mpaka Kaliua kabla katikati nako hakujajifunga."

Nikamwambia, "Kaliua si kuna treni, baba? Kuna na mabasi. Wewe wa kufundishwa treni?"

Hapo ndipo akatueleza. Mkewe, Mama Skola, alikuwa mtu wa huko Kaliua. Alipozidiwa na ugonjwa aliomba arudishwe kwao. Gervas akampakia kwenye gari hili, kiti cha kushoto, wakashika barabara ya Urambo, ile ile ambayo wazee wanasema misafara ya zamani ilipita ikienda Ujiji. Walipovuka Urambo gia ikaanza kuteleza. Injini inapiga kelele, gari haliendi. Mwisho likasimama kabisa kando ya mashamba ya tumbaku. Ikapita pikapu imejaa marobota ya tumbaku, wakamwomba dereva, naye akakubali kumchukua mgonjwa. Nafasi ilikuwa ya mtu mmoja.

"Akaniambia, 'Baki na gari, Gervas, wasije wakalivua matairi. Utanikuta.' Nikabaki. Nilimkuta, lakini alikuwa hasemi tena. Nikamzika, nikarudi. Tangu hapo sijakanyaga kule. Nitapitaje kwa basi pale niliposimama nikilinda matairi? Nataka gari lile lile lipite pale, mimi mwenyewe nimeshika usukani, lifike."

Nasoro akamshika mkono. "Utafika, inshallah. Na utaendesha wewe."

Spea zilipofika tukasuka. Mimi nilifanya pampu na valvu bodi, ile sahani ya valvu inayogawa oili, Nasoro akafanya ngoma za klachi kama kawaida yake. Kidole kilizunguka, macho yalifumbwa, bismillahi, funga.

Siku ya kulijaribu Mzee Gervas alikuja amevaa shati la kanisani. Gari likatoka gereji kama limepakwa siagi. Gia ya kwanza, ya pili, ya tatu, huhisi kitu. Nasoro alikuwa anatabasamu. Tukatoka nje ya mji, tukafika miombo inapoanza, oili ikapata moto sawasawa. Tuliposimama kupisha ng'ombe na kuondoka tena, ikaja: kutoka ya pili kwenda ya tatu injini ikapanda juu ghafla ikinguruma, gari likawa linaelea, halafu gia ikashika kwa kishindo, kichwa cha Mzee Gervas, aliyekaa nyuma, kikagonga kiti.

"Ndivyo lilivyoanza siku ile," alisema.

Andikeni hili vichwani: gari likienda vizuri likiwa baridi na kuteleza likipata moto, tafuta mahali presha inapotoroka. Oili ya baridi ni nzito, inaziba tundu dogo. Ikipata moto inakuwa nyepesi kama maji, inapita. Nilijua hivyo, na Nasoro ndiye aliyenifundisha.

Tukaanza na vya nje, kwa utaratibu. Oili ilikuwa sawa. Kebo sawa. Kibomba cha mpira tukakikuta na ufa kweli, tukafurahi, tukabadilisha, na kwa siku nzima gari likawa zima. Kesho yake likarudia. Nawaambieni hakuna kitu kinachomchosha mwenye gari kama kupona kwa siku moja. Tukafunga geji: pampu inatoa presha nzuri. Tukashusha valvu bodi, nikaisafisha tena, vigololi vyote viko mahali pake. Filta tukabadilisha. Kila mara tunajaza, tunatoka mpaka miombo, tunarudi. Na kila mara Mzee Gervas yupo, amekaa nyuma.

Nilianza kuona tofauti. Mwanzoni alikuja peke yake. Baadaye Skola alimleta mpaka mlangoni. Baadaye akawa anamshika mkono mpaka kwenye kiti.

"Fundi," Skola aliniambia pembeni, "jana ameweka kikombe hewani akidhani kuna meza. Mimi sitaki aendeshe, nakwambia ukweli. Lakini kila asubuhi anaamka anaoga, ananiuliza kama mmempigia simu. Nimwambie nini?"

Nikarudi ndani. Valvu bodi ilikuwa bado chini, kwa hiyo kuna kipimo kimoja kilichobaki kabla ya kufungua: unapuliza hewa ya kompresa kwenye tundu la oili la ile klachi. Pistoni ikiwa nzima inajibu kwa mlio mfupi, pu, kama mtu anayefunga mlango wa kabati. Sili ikivuja unasikia hewa inatoroka, fuuu. Nikapuliza. Nilisikia zote mbili, pu dhaifu na fuuu ndefu nyuma yake.

"Mzee," nikamwambia Nasoro, "hewa inatoroka ndani ya ngoma. Ni sili ya klachi ya tatu."

Akaja akapuliza mwenyewe. "Hiyo ni hewa ya kwenye pua ya kompresa. Ngoma ni nzima."

"Tuishushe tuhakikishe. Ni kazi ya siku mbili."

"Ngoma nimefunga mimi, Masanja."

"Najua."

"Basi angalia valvu zako."

Nikazirudia valvu zangu mbele yake, moja moja, juu ya kitambaa cheupe. Hazikuwa na kitu. Nikamwambia tena tuishushe. Akanitazama kwa jicho ambalo sijawahi kuliona kwake, akasema kwa sauti ya chini, "Kama huniamini, spana zako ni zile pale, mlango ule pale." Gereji ilikuwa yake, gari lilikuwa limekabidhiwa kwake. Tukarudisha valvu bodi. Yeye akaagiza nyingine, ya mtumba, kutoka Dar es Salaam, na kuisubiri kukala wiki juu ya wiki.

Ilifika, tukaifunga, tukatoka kujaribu. Ikateleza vile vile. Tulirudi gereji. Mzee Gervas na Skola walibaki kwenye benchi. Nasoro aliingia chini ya gari, nami nikaingia upande wa pili, tukawa tumelala chali tunatazamana kupita chini ya gia boksi. Injini ilikuwa imetoka kuzimwa. Akawa ananieleza habari ya kebo, kwamba labda imevutika, na wakati anaeleza mkono wake wa kulia ukawa umeshika bomba la ekzosi.

Nilidhani amelishika kwa kitambaa. Kisha nikasikia harufu.

"Mzee, mkono!"

"Mkono una nini?"

Akautazama. Ngozi ya vidole viwili ilikuwa imebaki kwenye bomba. Akauleta karibu na uso, akavigusanisha vidole vile na dole gumba, mara moja, mara mbili, kama mtu anayepima unga. Hakukunja uso. Hakuwa anasikia chochote.

Nilijua ana sukari. Sote tulijua, alikuwa anakunywa chai isiyo na sukari. Sikujua kwamba ilikuwa imekwenda mpaka kwenye vidole, na kwamba alikuwa amejificha nayo muda wote ule. Tulilala pale chini, yeye anatazama vidole vyake, mimi natazama boliti, kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kuweka macho.

Mwisho akasema, "Ishushe."

Niliishusha siku ile ile. Ngoma ya klachi ya tatu nikaifungua mezani mbele yake. Mdomo wa sili ulikuwa umekunjika ndani upande mmoja, kipande kifupi tu kama ukucha wa kidole cha mwisho, na pale ulipokunjika umekatika. Kidole chake kilipita juu ya mkunjo ule siku ile, macho amefumba, na hakikumwambia kitu.

Nikaweka sili nyingine. Alisimama nyuma yangu akiniangalia. Nilipomaliza kupitisha kidole changu, akasema yeye, "Funga." Bila bismillahi. Nikaisema mimi kimoyomoyo.

Gari lilipona. Nilitoka nalo peke yangu mpaka miombo, likapata moto, nikalisimamisha na kuliondoa tena na tena. Gia ya tatu ilikuwa inaingia kama pumzi. Nililia kidogo njiani, siwafichi, maana asubuhi ile Skola alikuwa amenipigia simu kusema baba yake ameamka anaona weupe tu, kama amefunikwa shuka.

Nasoro alisema ataenda kumwambia yeye mwenyewe. Nikaenda naye Mtendeni. Mzee Gervas alikuwa sebuleni, ameelekeza uso dirishani. Salamu zikaisha. Nasoro hakukaa.

"Gari lako lilikuwa linateleza kwa sababu ya mkono wangu," alisema. "Sili niliikunja mimi. Masanja aliniambia mapema tufungue, nikakataa. Vidole vyangu vimekufa, na nilikuwa sitaki mtu ajue."

Mzee Gervas aligeuza uso kutoka dirishani.

"Alikwambia lini?"

"Kabla ya kuagiza ile valvu bodi."

"Wakati ule nilikuwa naona," Mzee Gervas alisema. "Nilikuwa naona mpaka namba za magari."

"Nisamehe, ndugu yangu."

"Skola," Mzee akaita, "msindikize Fundi Nasoro."

Ndivyo ilivyokuwa. Hakupiga kelele wala hakutukana. Ingekuwa afadhali.

Safari ya Kaliua niliendesha mimi. Skola alikaa nyuma, Mzee akakaa kiti cha kushoto, kile cha mkewe. Mvua zilikuwa zimekwisha, tumbaku imeshavunwa, mabani ya kukaushia yanatoa moshi kando ya barabara. Alikuwa ananiuliza tumefika wapi, nami namtajia. Tulipovuka Urambo akawa ameshika dashibodi kwa mikono yote miwili. Kila gia ilipopanda alikuwa anainamisha kichwa kidogo kusikiliza.

"Kuna kalvati," alisema, "halafu mlima mdogo, halafu mashamba upande wa kulia. Tukifika niambie."

Tulipofika nikamwambia. "Nisimame, baba?"

"Usisimame. Pita."

Nikapita. Gari lilipanda kile kimlima, ikaingia ya tatu, tukateremka upande wa pili. Aliachia dashibodi, akaweka mikono mapajani.

Kaburi liko nyuma ya nyumba ya shemeji zake, limejengewa vigae ambavyo aliagiza kwa simu na hakuwahi kuviona. Ndugu walitupokea kwa salamu ya Kinyamwezi, mwangaluka, wakamwongoza. Alipiga goti moja, lile jingine limenyooka pembeni, akavipapasa vigae kutoka kichwani mpaka miguuni, akafika kwenye jina, akalisoma kwa kidole herufi moja moja. Kisha akasema, "Nimekuta umeshalala," akainuka.

Tuliporudi Tabora, nilipokuwa namshusha Mtendeni, alinishika bega. "Masanja. Mwambie Nasoro gia ya tatu imeshika safari nzima."

"Nimwambie na nini kingine, baba?"

"Basi. Hilo tu."

Sasa mmenielewa kwa nini nikiulizwa "tuanzie wapi" huwa nachelewa kujibu. Oili, kebo, kibomba, geji, hewa: hayo yapo na yatabaki kuwa kweli. Lakini baada ya hayo tazameni na mikono iliyofunga. Ya mwenzako, ya mkubwa wako, na yako mwenyewe kila mwaka unapoongezeka. Mkiona kasoro, isemeni mapema, kwa heshima, na ikibidi isemeni tena.

Siku ile ya kurudi kutoka Kaliua nilitoka Mtendeni nikaenda moja kwa moja nyumbani kwa Nasoro. Ilikuwa Ijumaa, karibu na swala. Nilimkuta amekaa kitandani, amevaa kanzu, vidole vina bandeji. Nikampa ujumbe kama ulivyo.

"Safari nzima?" aliuliza.

"Safari nzima."

"Ikiwa na moto?"

"Ina moto, na mlimani."

Alitikisa kichwa. Alingoja kidogo aone kama nitaongeza kitu, akaona siongezi. Adhana ikaanza. Akasimama, akanigeukia, akainua kidevu kama mtoto.

"Nifunge vifungo hivi vya shingoni, Masanja," alisema. "Navitafuta tangu asubuhi."

Nikamfunga.